NG'OMBE, MSITU NA MAMLAKA YA UMMA

Katika semina moja ya makada niliyohudhuria miaka michache iliyopita ilisomwa taarifa juu ya hali ya misitu ya wilaya. Taarifa ilikuwa ndefu, yenye majedwali ya kutosha, na shina la hoja yake lilikuwa moja: kwamba adui mkubwa wa msitu ni ng'ombe, na kwamba dawa ni kuwaondoa ng'ombe hao pamoja na wenyewe. Wajumbe tulipiga makofi. Kisha mzee mmoja, mjumbe wa shina, akasimama na kuuliza: "Ndugu Mwenyekiti, hao ng'ombe lango walijifungulia wenyewe?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema muda umekwisha, twende tukanywe chai.

Swali lile halikujibiwa siku ile, nami nimekuwa nikilifikiria tangu hapo. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Nia si kumtetea kila mfugaji kwa sababu tu ni mfugaji, wala kuwashutumu wataalamu wetu wa misitu, ambao wengi wao hufanya kazi ngumu kwa vitendea kazi haba. Nia ni kukosoa fikra. Fikra isiyokosolewa hugeuka mazoea, na mazoea yakishaingia katika vikao vya maamuzi hutoka humo yakiwa amri. Mwananchi anayeamriwa kuhama na watoto wake hana habari kwamba anahamishwa na fikra. Yeye anaona magari na askari.

ASILI YA FIKRA HII

Fikra ya kwamba ng'ombe na mti hawakai pamoja ina wazazi wawili. Wa kwanza ni mkoloni. Ni lazima tuanze naye, maana vijana wengi wanadhani kwamba jambo hili lilianza na wingi wa mifugo wa siku hizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita katika nchi za Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa sana ya ng'ombe. Baada ya sotoka ikaja njaa, ikaja ndui, vikaja vita vya ukoloni. Watu walipungua na ng'ombe walipungua. Mahali palipokuwa malisho na mashamba pakaota vichaka, na katika vichaka akaingia mbung'o pamoja na ugonjwa wa malale. Historia hii ilielezwa kwa kirefu na John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus akaifuatilia kwa Tanzania Bara katika kitabu kilichotoka mwaka 1977. Funzo lake ni kubwa. Pori ambalo Mwingereza alilikuta baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akalichora katika ramani zake na kuliita asili isiyoguswa, kwa sehemu kubwa lilikuwa ni mabaki ya msiba. Mahali pengi palikuwa na watu na mifugo kizazi kimoja tu kabla yake.

Sasa tazama ajabu ya mkoloni huyu. Katika miaka ya 1920, huko Shinyanga, serikali ya kikoloni chini ya mtaalamu wake wa mbung'o, C. F. M. Swynnerton, iliwakusanya wananchi kwa maelfu kupitia machifu ili wafyeke na kuchoma mapori, mbung'o afe na ng'ombe wapate malisho. Miti ilikatwa kwa amri ya serikali, kwa ajili ya ng'ombe. Baadaye likaja shinikizo la pamba, kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilitaka pamba, na mapori mengine yakageuzwa mashamba. Fedha ya pamba mkulima aliweka wapi? Benki hakuwa nayo. Aliiweka katika ng'ombe, akafanya vizuri, maana ng'ombe huzaa. Ulipofika mwaka 1947 serikali hiyo hiyo ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na moja ya nguzo zake ilikuwa ni kumwambia Msukuma kwamba ng'ombe wake wamezidi, wapunguzwe kwa nguvu, kwa kuwa wanaiharibu ardhi.

Kwa maneno mengine, aliyefyeka msitu, aliyeagiza pamba, aliyeifanya fedha iwe ng'ombe, ndiye aliyegeuka hakimu na kumtia ng'ombe hatiani. Wananchi waliliona hilo waziwazi. Chuki yao dhidi ya sheria za kupunguza mifugo na kanuni nyingine za kulazimishana ilikuwa sehemu ya moto uliowasha TANU katika Kanda ya Ziwa, hata serikali ya kikoloni ikaipiga TANU marufuku huko Usukuma kwa miaka kadhaa ya 1950. Kada anayesimama leo na kusoma taarifa ya kwamba ng'ombe ndiye adui angefaa akumbuke kwamba Chama chake kilipata wanachama wake wa kwanza katika sehemu hizo kwa kuipinga kauli ya aina hiyo.

Mzazi wa pili wa fikra hii ni wa karibuni zaidi, naye ana shahada. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika katika jarida la Science makala ambayo jina lake kwa Kiswahili tungeweza kuliita Mkasa wa Mali ya Wote. Hoja yake ni rahisi, na ndiyo maana imesambaa. Fikirini, asema, malisho yaliyo wazi kwa watu wote. Kila mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida yote ni yake, lakini hasara ya nyasi kupungua inagawanywa kwa wote. Basi kila mmoja ataongeza, na kuongeza tena, mpaka malisho yaangamie. Tiba ni mbili: ama ardhi igawiwe watu binafsi, ama dola iishike kwa mkono wa chuma.

Makala hiyo haikutokana na utafiti wa malisho ya mahali popote. Malisho yake ni ya kufikirika, na mfugaji wake ni wa kufikirika: hana jirani, hana mkutano, hana mila, hana mkwe wa kumwonea haya. Ni bepari mdogo aliyevikwa shuka. Hata hivyo hoja hiyo ilifundishwa katika vyuo dunia nzima, vyetu vikiwamo, na ikarudi vijijini ikiwa ndani ya maandiko ya miradi. Hardin mwenyewe, katika miaka ya 1990, alikiri kwamba alipaswa kusema kwamba anazungumzia mali ya wote isiyo na usimamizi. Maneno hayo machache ya nyongeza yanabomoa nyumba nzima. Naye Elinor Ostrom, aliyetunga kitabu mwaka 1990 juu ya jamii zinazosimamia malisho, misitu na maji kwa kanuni zao wenyewe, alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009. Mabepari wenyewe wamekwisha kulisahihisha kosa. Sisi tungali tunalinukuu.

MALI YA UMMA NA MALI ISIYO NA MWENYEWE

Jambo hili halikupaswa kutushinda. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuleta utaratibu wa kuuza na kununua ardhi, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Mali ya Taifa kupinga. Alieleza kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu yeyote, na kwamba mtu anastahili haki ya kuitumia kwa sababu anaitumia. Utaratibu wa jadi aliouzungumzia haukuwa wa kila mtu kujifanyia apendavyo. Ulikuwa na mwenye kugawa, mwenye kukataza na mwenye kusuluhisha.

Hapo ndipo fikra tunayoikosoa inapochanganya mambo. Mali ya umma ni mali yenye mwenyewe, na mwenyewe ni umma. Mali isiyo na mwenyewe ni kitu kingine kabisa. Msitu ulioandikwa katika gazeti la serikali kuwa wa taifa, lakini mlinzi wake ni bwana misitu mmoja mwenye pikipiki isiyo na mafuta, na wanakijiji wanaouzunguka wameambiwa kwamba hauwahusu, kwa karatasi ni mali ya umma. Kwa vitendo hauna mwenyewe. Hapo mkasa wa Hardin hutokea kweli. Mchoma mkaa huingia usiku, mwenye msumeno huingia mchana na barua, mfugaji huingia kiangazi, na kila mmoja huchukua haraka kabla mwenzake hajachukua.

NG'OMBE AFANYA NINI MSITUNI?

Kabla ya kwenda mbele yafaa tuangalie kwa macho ya sayansi ng'ombe anafanya nini anapoingia penye miti. Nasema penye miti, maana neno msitu linabeba mambo mengi. Misitu ya milima yenye mvua nyingi, kama ile ya Usambara na Uluguru, ni chanzo cha mito. Miche yake huota katika kivuli na unyevu, na kwato zikipita humo kila siku miche hiyo haikui. Humo ng'ombe hana kazi, na sitamtetea. Lakini sehemu kubwa ya eneo lenye miti nchini mwetu ni miombo na mapori ya migunga, ambako miti imeachana, jua linafika chini na nyasi zinaota. Nchi ya namna hiyo imeishi na wanyama wala nyasi tangu zamani.

Ng'ombe kwa kawaida hula nyasi. Majani ya miti huyala hasa mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimekauka na miombo imekwisha kuchipua kabla ya mvua. (Mbuzi ana tabia nyingine, na anayeandika "mifugo" bila kutenganisha mbuzi na ng'ombe hajawahi kuchunga.) Nyasi zisipoliwa hazikai hivyo hivyo. Hukauka, na ifikapo Septemba na Oktoba moto hupita. Moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali kuliko wa mwanzo wake, kwa kuwa nyasi zimekauka kabisa na upepo upo. Huo ndio unaoua miche na kuwababua vijana wa miti. Huko Ndola, nchini Zambia, wataalamu walitenga viwanja mwaka 1933: vingine vikachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, vingine vikachomwa mapema, vingine vikazuiwa moto kabisa. Baada ya miaka mingi viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilikuwa vimekaribia kuwa nyika tupu, na vilivyokingwa vilikuwa msitu mzito. Ng'ombe anayekula nyasi kwa kiasi, kwa wakati wake, anapunguza kuni za moto huo. Na maganda ya migunga huyala, mbegu zikapita tumboni na kuanguka pamoja na samadi, nyingi zikiwa bado na uwezo wa kuota.

Madhara nayo yapo, na ni makubwa pale utaratibu unapokosekana. Ng'ombe wakichungwa mahali pamoja mfululizo wakati wa mvua, udongo hukandamizwa, maji hushindwa kuzama, hutiririka juu na kuchimba makorongo. Nyasi za kudumu zinazoliwa kila zinapochipua hufa mizizi. Miche ya msimu wa kwanza hukanyagwa. Baada ya miaka kadhaa ardhi hubaki na vumbi, au huota vichaka vya miiba ambavyo hata ng'ombe hapiti. Anayebisha aende akaone.

Ng'ombe ni yuleyule na meno yake ni yaleyale. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni wakati na kiasi, na wakati na kiasi havipangwi na ng'ombe. Mzee wa semina alikuwa na maana hiyo.

KONDOA NA SHINYANGA

Nchi yetu imejaribu njia mbili, na tuna bahati kwamba zote zimeacha ushahidi.

Njia ya kwanza ni ya Kondoa. Mmomonyoko wa vilima vya Irangi ulikuwa wa kutisha, makorongo ya kuzamisha nyumba. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itolewe katika eneo lililoharibika sana, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda yaliondolewa. Tusiifiche kweli: ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, vichaka vilirudi, makorongo mengi yakatulia. Aliyeona picha za kabla na za baada hawezi kusema kwamba amri ile haikuzaa kitu.

Ila mifugo haikuyeyuka. Sehemu kubwa ilipelekwa maeneo ya jirani, nje ya mpaka wa mpango, na huko ikaongeza uzito juu ya ardhi ambayo haikuwa imeandaliwa. Ndani ya mpaka, familia zilikosa maziwa, samadi na maksai wa kulimia. Waliokuwa na ndugu nje waliweza kuhifadhi ng'ombe wao huko, wasio na ndugu waliuza. Na kwa kuwa msitu ulirudishwa kwa amri, ulihitaji kulindwa kwa amri, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikabidi mwishoni mwa miaka ya 1980 kuruhusu wananchi wafuge ng'ombe wachache wa maziwa bandani.

Njia ya pili ni ya Shinyanga. Katikati ya miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa umefikia mahali pabaya; Mwalimu Nyerere alipoutembelea alishtushwa na hali ya ukame na upara wa ardhi, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni wataalamu walikwenda na dawa ya kawaida: vitalu vya miche, kampeni za kupanda miti, nyingi za kigeni. Miche mingi ilikufa kwa ukame na mchwa. Ndipo walipoanza kusikiliza, na walichosikia kilikuwa ni ngitili.

Ngitili ni utaratibu wa Wasukuma wa tangu zamani. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga eneo la malisho, ng'ombe wasiingie. Nyasi huota, hukomaa na kukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza, kuanzia mwezi wa saba au wa nane, ngitili hufunguliwa kwa sehemu, kipande baada ya kipande, wakianza walio na haja zaidi: ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, maksai watakaolima msimu ujao. Msomaji ataona mara moja kwamba utaratibu huu, bila kusoma kitabu chochote, unawazuia ng'ombe wakati uleule ambao udongo ni laini na miche ni michanga, na unawaruhusu wakati uleule ambao nyasi kavu zinangoja moto. Ukifunga malisho namna hiyo kwa ajili ya nyasi, miti huja yenyewe, maana chini ya ardhi ile visiki na mizizi vilikuwa hai.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na jumla ya hekta zipatazo 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao baadhi ya wilaya zake tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara yenye dhamana ya maliasili pamoja na shirika la IUCN ulikuta humo aina 152 za mimea na aina 145 za ndege, na ukakadiria kwamba kuni, dawa, malisho, asali, nguzo na matunda ya ngitili vilimpatia mkazi thamani ya dola za Marekani 14 kwa mwezi. Mashahidi wengine ni akina mama, ambao safari ya kuni iliyokuwa ya kutwa ilifupika.

Msitu ule ulirudi ng'ombe wakiwamo. Mkoa huo haukuacha kuwa miongoni mwa mikoa yenye ng'ombe wengi kabisa nchini. Na mlinzi wa lango hakuwa askari. Alikuwa ni mkutano wa kijiji, mkutano wa jadi unaoitwa dagashida, na sungusungu, ambao katika miaka ya mwanzo ya 1980 wananchi waliwaanzisha wenyewe dhidi ya wezi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini na majirani zake, na aibu ilikuwa nzito kuliko faini.

TUJIKOSOE

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo taarifa za HASHI hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Ngitili zilikuwa zimekwenda wapi hata zikabaki hekta 600?

Pamba ilizila, ndiyo. Kuongezeka kwa watu na mifugo kulizila, ndiyo. Lakini zilipata pigo pia kwa mkono wetu. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976, na mwaka 1974 operesheni ikapita Shinyanga. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na ngitili yake karibu na boma lake, zilikusanywa mahali pamoja. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati, maji, kazi ya pamoja. Mimi ni mmoja wa waliosoma katika shule zilizotokana na vijiji vile, na siwezi kubeza. Hata hivyo, ngitili iliachwa nyuma, mbali, bila jicho. Aliyeijua mipaka yake alikuwa sasa anakaa kilomita nyingi kutoka hapo. Na kuzunguka kijiji kipya, ng'ombe wa kaya mia kadhaa walichungwa mahali pamoja, mwaka mzima, na kuni za kaya mia kadhaa zilikatwa mahali pamoja. Tuliivunja mamlaka iliyokuwa ikifunga na kufungua, na hatukuweka nyingine mahali pake. Baada ya miaka kumi tukakuta jangwa, tukamkamata ng'ombe.

Mwalimu mwenyewe, katika taarifa yake ya mwaka 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri kwamba katika kuhamisha watu yalifanyika makosa. Kosa la ngitili limo katika kundi hilo, ingawa halikujulikana wakati ule. Ajabu ni kwamba utaratibu uliobomolewa kwa jina la ujamaa ulikuwa na ujamaa ndani yake, na tuliouita maendeleo ulimwachia kila mtu ajichungie.

Je, tumejifunza? Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu na bonde la Ihefu, na hadi mwaka 2007 maelfu ya ng'ombe yalikuwa yakisafirishwa na kuswagwa kuelekea Lindi na Pwani, wengi wakiingia katika mapori ya miombo ambayo wenyeji wake hawakuwa wamefuga ng'ombe. Mwaka 2013 ilikuja Operesheni Tokomeza. Ililengwa kwa majangili, ikawaangukia pia wafugaji, na ukatili uliofanyika humo ulilishtua Bunge kiasi kwamba operesheni ilisimamishwa na mawaziri wanne wakaondoka madarakani mwezi wa Desemba. Mwezi wa Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza kusimamishwa kuviondoa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi. Kila mara tunafika mahali pa kusimamisha. Swali la wapi ng'ombe walale kesho yake hubaki.

MATABAKA NDANI YA NGITILI

Nisije nikaeleweka kwamba ninaiimba ngitili. Mwanafunzi wa siasa ya ujamaa akiona kitu chochote cha jadi hana budi kuuliza: kinamilikiwa na nani, na nani ananufaika? Zipo ngitili za kijiji, za vikundi na za shule, na zipo za watu binafsi. Hizi za binafsi ni nyingi, na kwa kawaida mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Ardhi ya kijiji ilipoanza kufungwa tena baada ya 1986, aliyekuwa na nguvu ya kuzungushia mpaka eneo kubwa alifanya hivyo mapema. Asiye na ng'ombe hata mmoja alibaki akitegemea ile ya kijiji, ambayo ndiyo ndogo na ndiyo inayokatwa kuni na kila mtu. Siku hizi, mahali pengine, malisho ya ngitili hukodishwa kwa fedha katika kiangazi. Mwenye ngitili ameanza kufanana na mwenye nyumba ya kupangisha.

Wanawake huokota kuni humo na kuchuma dawa na mboga, lakini katika kikao kinachoamua siku ya kufungua, sauti zao ni chache, na ngitili ya familia hurithiwa upande wa wanaume. Na urithi wenyewe una tatizo: baba aliyekuwa na hekta kumi anaacha wana watano, na hekta mbili ukizifunga hazilishi zizi. Mwana wa tatu analima mpunga pale, au anauza.

Haya hayaifanyi ngitili kuwa kosa. Yanaonyesha kwamba mapambano ya kitabaka hayaishi mlangoni pa mila, na kwamba kazi ya kada katika kijiji chenye ngitili ni kuhakikisha ile ya kijiji haimegwi kimyakimya, mipaka yake imeandikwa katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, na cheti chake kimetolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake kwa sheria ndogo zake. Huko Kiteto, kata za Sunya, Lengatei na Dongo zilitumia njia ya namna hiyo kuusimamia msitu wa Suledo, na Wamasai wenye mifugo wakiwa ni sehemu ya waamuzi.

WALIOONDOKA

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Katika miaka iyo hiyo ambayo ngitili zilikuwa zikiongezeka Shinyanga, maelfu ya Wasukuma walikuwa wakihama na ng'ombe wao kwenda Rukwa, Mbeya, Morogoro, na baadaye Lindi. Kwa sehemu, ngitili za Shinyanga zilipona kwa sababu hao waliondoka. Walikofika wanaitwa wavamizi. Mtu yuleyule ambaye nyumbani alitii siku ya kufunga na siku ya kufungua, huko ugenini anachunga msituni mwaka mzima, anaswaga usiku, anatoa chochote kwa mwenyekiti ili afumbiwe macho, na msitu unaisha. Wataalamu hushangaa: hawa si ndio watu wa ngitili?

Ndio hao hao. Lakini sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote watu wazima, nami nimekaa katika mikutano ya vijiji vya namna hiyo, mahali ambapo wafugaji walikuwa wamekaa miaka kumi na zaidi, watoto wao wamo shuleni, michango ya zahanati wanatoa, na siku ya kupanga malisho na msitu hakuna aliyewapelekea tarumbeta. Nilipouliza kwa nini, mtendaji alinijibu kwamba hao ni wapita njia. Nikamwuliza daftari la wakazi liko wapi, tuone majina. Akasema liko wilayani.